Minneapolis hadi Yellowstone na mama, kwa nyumba ya magurudumu

Alhamisi: maegeshoni, nje kidogo ya Minneapolis

Watu wakiliona gari letu, swali lao la kwanza ni bei. Mimi ningeuliza uzito wake, umri wa tairi zake, na rejeta yake imeoshwa lini. Motohomu kubwa ni lori na ni nyumba kwa wakati mmoja, na mwenye nayo hana budi kuvitunza vyote viwili: breki na choo, injini na jokofu, tairi na paa. Anayeipenda kazi hiyo atalifurahia gari lake miaka mingi. Asiyeipenda ataliuza mapema, tena kwa hasara.

La kwetu ni la mwaka 2006. Lina urefu wa futi 40, yaani mita 12 na ushei, na kimo chake kinakaribia mita 3.9 ukihesabu viyoyozi vya juu ya paa. Injini ni Cummins ISL ya lita 8.9 iliyokaa nyuma kama kwenye mabasi, gia boksi ni Allison ya gia 6, na breki ni za upepo. Ndani kuna chumba cha kulala, bafu, choo, jiko la gesi, na sebule ambayo ubavu wake husukumwa nje tukishaegesha. Ubavu huo wenyeji huuita slaidi, nasi tumelichukua neno.

Safari hii ni ya mama. Amekuja kutoka Iringa kukaa nasi msimu wa joto, na magoti yake hayamruhusu tena kukaa saa nyingi kwenye kiti kimoja wala kupanda ngazi za hoteli kila jioni. Ndani ya gari hili choo kiko hatua chache kutoka kitini, tukiegesha anajinyoosha kitandani pake, na shuka anazolalia ni zake. Mtu mzima akisafiri anataka kubaki na heshima yake. Hilo kwangu lina uzito kuliko mandhari yote tunayoyaendea.

Kutwa nzima nimekuwa chini ya gari na juu yake. Nimeanza na rejeta. Injini ikikaa nyuma, rejeta nayo hukaa nyuma, mahali ambapo magurudumu yanatupa vumbi. Juu ya hayo, injini hupumua mvuke wenye mafuta kupitia mrija wake wa chini, feni ikauchukua na kuupaka ndani ya mapezi ya rejeta. Vumbi likinata kwenye mafuta hayo, huoni kitu ukitazama kwa nje, lakini mlimani joto litapanda tu. Dawa yake ni sabuni ya kukata mafuta na maji ya taratibu, ukioshea upande wa feni, si kwa nje. Maji ya nguvu hukunja mapezi. Mrija wenyewe niliurefusha zamani hadi nyuma ya feni, na tangu hapo uchafu umepungua sana.

Baadaye breki. Upepo unajazwa mpaka karibu 120 kwenye geji (pauni kwa inchi ya mraba), injini inazimwa, unakanyaga pedali na kuishikilia dakika nzima. Upepo usishuke zaidi ya 3. Kisha unakanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia: kengele ilie kabla upepo haujafika 60, na ukizidi kushuka kitufe cha breki ya kuegeshea kiruke chenyewe. Nikamalizia kwa kufungua koki za matanki ya upepo ili maji yatoke. Maji kwenye matanki ni adui wa valvu, na wakati wa baridi ya Minnesota huganda.

Paani nimekagua gundi ya pembeni mwa viyoyozi na matundu ya hewa. Motohomu nyingi huuawa na mvua kabla ya injini zao kuchoka. Tone moja likipita kwenye ufa wa gundi huozesha mbao za ukutani kimyakimya, na siku unayouona ukuta umevimba, gharama yake inapita ya kukarabati injini.

Ijumaa: Minneapolis hadi Mitchell, South Dakota

Karibu kilomita 500. Tumeshuka kwa barabara ya 169 na ya 60 hadi Worthington, kisha tukaishika I-90 kuelekea magharibi. Gari dogo tunalikokota nyuma, magurudumu yake yote manne yakiwa chini, na ndani yake kuna kifaa kinachokanyaga breki yake kila ninapokanyaga yangu. Ukifika kambini ukauegesha mwili huu wa mita 12, hutaki kuung'oa tena kwa ajili ya kwenda kununua mkate.

Tumejaza dizeli kwenye kituo cha malori, maana paa letu halipiti kila kituo, na hapohapo tukapima kwenye mizani. Nawasihi wote wenye magari haya wapime wakiwa wamepakia kila kitu: maji, nguo, vyakula, na watu wakiwa ndani. Uwezo wa gari letu ni pauni 32,000, yaani tani 14.5, ekseli ya mbele 12,000, ya nyuma 20,000. Karatasi imeonyesha 11,420 mbele na 18,960 nyuma. Tuko ndani ya mipaka. Tanki la maji safi peke yake likijaa ni galoni 100, karibu kilo 380, na wengi hulisahau katika hesabu zao. Ni kwa uzito huo, ukisoma jedwali la mtengenezaji wa tairi, ndipo unajua ujaze upepo kiasi gani. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni upepo wa kubebea mzigo wa juu kabisa wa tairi hiyo. Kwa mzigo wako huenda ukatakiwa kuweka pungufu yake.

Mama aliona karatasi ile akaniuliza kama tutatozwa faini. Nikamwambia mizani hii ni ya hiari na nimeilipia mwenyewe. Alitikisa kichwa. Mume wake, baba yangu, alikuwa dereva wa lori, na kwake mizani ilikuwa foleni na usiku wa kulala barabarani.

Sheria ya South Dakota inaruhusu maili 80 kwa saa barabara kuu. Sisi tunakwenda 62, kama kilomita 100. Kwa mwendo huo gari linatupa takriban kilomita 3.4 kwa lita moja. Ukiongeza kasi, kinyume cha upepo wa nyika hizi, dizeli inayeyuka ukiitazama.

Mitchell kuna jengo linaloitwa Corn Palace. Desturi yake ilianza mwaka 1892, na jengo la sasa ni la 1921. Kuta zake za nje hupambwa kwa picha kubwa zilizotengenezwa kwa magunzi ya mahindi ya rangi za asili: mekundu, meusi, ya kahawia, meupe. Kila gunzi hupasuliwa katikati kwa urefu na kupigiliwa misumari. Mama alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, akauliza mbegu ya lile jekundu inaitwaje na kama inakoboleka. Mkulima wa mahindi wa Iringa amekutana na wakulima wa mahindi wa Dakota, hata kama hawakuonana uso kwa uso.

Jumamosi: Mitchell hadi Wall

Upepo wa ubavuni tangu asubuhi. Ubavu wa gari hili ni ukuta wa mita 12 kwa karibu 4, na lori kubwa likikupita upande ule upepo unapotoka, unavutwa kwanza kisha unasukumwa. Mikono iwe laini kwenye usukani, mwendo upunguzwe, na ukiona kituo cha kupumzikia uingie bila kuona aibu. Tulipunguza hadi maili 55.

Chamberlain ndipo I-90 inavuka mto Missouri. Juu ya kilima kuna sanamu ya chuma kisichoshika kutu, futi 50 kwenda juu, ya mwanamke wa watu wa Lakota na Dakota akiwa ametandaza shuka la nyota mgongoni. Imesimama hapo tangu 2016, kazi ya mchongaji Dale Lamphere. Upepo unapovuma, vipande vya rangi ya buluu kwenye shuka hilo hutikisika. Mke wangu alimshika mama mkono wakapanda pole pole mpaka miguuni pake. Mimi nilibaki nikizunguka gari na kugusa kila kitovu cha gurudumu kwa nyuma ya kiganja, kama nilivyofundishwa nilipokuwa utingo. Kikiwa na joto kuliko vingine, kuna beringi au breki inayolalamika. Vyote vilikuwa sawa.

Baada ya Murdo saa inarudi nyuma kwa saa nzima. Jua lilikuwa kali, na pale Wall joto lilipita nyuzi 37.

Kambi tuliyolala ilitupa kazi. Gari letu linatumia soketi ya ampea 50, ambayo kwa kweli ni laini mbili za volti 120, jumla wati 12,000. Soketi ndogo ya ampea 30 ni laini moja tu, wati 3,600. Kabla ya kuchomeka chochote napima, na nilipopima volti zilikuwa 112. Alasiri, kila jirani alipowasha viyoyozi vyake, zikashuka hadi 103, na kifaa cha kinga kikatukatia umeme. Kilifanya sawasawa. Mota ya kiyoyozi ikipewa volti pungufu huvuta ampea nyingi zaidi, nyaya zake zinapata moto, na mwisho kompresa inakufa. Uongozi wa kambi ulisema hakuna la kufanya. Tukazima kiyoyozi kimoja, tukahamishia hita ya maji kwenye gesi, tukavuta mapazia ya upande wa jua, na jenereta yetu ikatufaa kwa saa mbili za joto kuu. Kifaa kile cha kinga ni ghali, lakini ukilinganisha na bei ya viyoyozi viwili, nakishauri kwa kila mtu.

Jumapili: Badlands

Tumeliacha gari kubwa likiwa limesimama kwenye jeki zake, tukaingia Badlands kwa gari dogo alfajiri. Ni ardhi iliyoliwa na maji ikabaki mabonde na minara ya udongo wenye mistari: mwekundu, wa njano, wa kijivu. Mama alisema inamkumbusha Isimila, zile nguzo za udongo za nje ya mji wa Iringa, na ni kweli. Aliyewahi kuingia Isimila akija hapa atajiona yuko nyumbani.

Mchana tukahamia milima ya Black Hills, karibu na mji wa Custer. Safari fupi.

Jumatatu: Black Hills

Milima hii watu wa Lakota huiita Pahá Sápa. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia, dhahabu ikagunduliwa, wakanyang'anywa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba walistahili kulipwa fidia kwa kuchukuliwa ardhi hiyo, lakini hadi leo wamekataa kuzipokea fedha. Wanataka milima yao. Nilimweleza mama habari hizo tukiwa mbele ya nyuso za marais wanne za Mount Rushmore, zilizochongwa kati ya 1927 na 1941. Yeye ni Mhehe, na historia ya Mkwawa na Wajerumani aliipokea kwa bibi yake. Hakuhitaji maelezo marefu.

Barabara za hapa ni somo kwa mwenye gari refu. Iron Mountain Road na Needles Highway zina mahandaki membamba yaliyotobolewa kwenye mwamba, na gari la ukubwa wa letu haliwezi kupita humo. Ramani ya simu haijui kimo chako. Tuna kifaa cha ramani cha madereva wa malori, tumekiandikia kimo, urefu na uzito, na kwenye kioo cha mbele, chini ya macho yangu, kuna karatasi yenye kimo chetu kwa futi na kwa mita. Kwenye hizo barabara mbili tulipita na gari dogo, madirisha yakiwa wazi, harufu ya misonobari ikiingia.

Jioni tuliwaona baisani wa Custer State Park, kundi kubwa, ndama wao rangi ya matofali. Mama akawaita nyati.

Kabla ya kulala, kazi ambayo watu hawapendi kuisema. Tanki la choo lina galoni 40, la maji ya sinki na bafu galoni 60. Kanuni ni hii: valvu ya choo ikae imefungwa siku zote, hata kama bomba la majitaka la kambi limeunganishwa. Ukiiacha wazi, maji hutiririka yakaondoka na mazito yakabaki chini yakikauka, na kuyatoa ni kazi ya fundi. Subiri tanki lipite nusu, fungua choo kwanza, kisha fungua maji ya sabuni yasafishe bomba. Glovu za kazi hiyo zikae peke yake, na bomba la maji ya kunywa lisilazwe kabisa kwenye sanduku moja na bomba la choo. Kwenye bomba la maji safi nafunga kipunguza nguvu, maana kambi nyingine husukuma maji kwa nguvu ya kupasua viungo vya plastiki ukutani.

Jumanne: Custer hadi Buffalo, Wyoming

Nyika, na karibu na mji wa Gillette, treni za makaa ya mawe zisizo na mwisho. Tukiwa tumepita Gillette kidogo, kipima tairi kikalia: tairi ya ndani, kushoto nyuma, upepo umeshuka kutoka 105 hadi 94 na unaendelea. Tairi pacha zina hatari yake. Ya ndani ikiisha upepo, ya nje hubeba mzigo wa mbili, na dereva hasikii kitu usukanini hadi zote zimechemka. Ndiyo maana kila valvu ina kihisi chake.

Tuliingia kituo cha kupumzikia. Kwa maji ya sabuni nikaliona povu: mrija wa kurefushia valvu ulikuwa umelegea. Nikauondoa, nikaweka mpya wa chuma, nikajaza. Gari lenye breki za upepo hubeba pampu yake. Mbele kuna koki ya kuchomekea mpira, na hapo unapata upepo hadi 120 bila kumtafuta fundi. Dakika 40 zikatosha. Mke wangu alikuwa amechemsha chai, tukanywa tukiwa kwenye kivuli cha gari letu wenyewe.

Jumatano: barabara ya 16 juu ya milima Bighorn

Hii ndiyo siku niliyoiwaza tangu Minneapolis.

Kutoka kwenye nyika za mashariki kwenda Cody kuna njia tatu za kuvuka Bighorn. Ya 14A ina miteremko ya asilimia 10 na sishauri mtu aipite akiwa na gari kama hili. Ya 14 ni nzuri lakini kona zake ni kali. Ya 16, kutoka Buffalo hadi Ten Sleep, ndiyo ya watu wazito, ingawa inapanda hadi kilele cha Powder River, futi 9,666, yaani mita 2,946.

Tulilifungua gari dogo. Mke wangu akaliendesha nyuma yetu akiwa na redio ya mkononi, na mama akakaa kiti cha mbele kando yangu, mkanda umefungwa. Kupunguza karibu tani 1.6 nyuma yako kwenye mteremko kama huo ni nusu ya usalama. Gesi ikafungwa, makabati yakakaguliwa.

Kupanda hakukuwa na haraka. Nilishuka mwenyewe hadi gia ya 4 kabla injini haijaanza kukoroma, mzunguko ukae juu, maana mzunguko ndio unaozungusha feni na pampu ya maji. Dereva anayeng'ang'ania gia kubwa mlimani anapika injini yake. Kipimajoto kilifika 205 kwa nyuzi za Fahrenheit, kikatulia hapo, na nikaishukuru ile Alhamisi ya sabuni na maji. Huku juu hewa ni nyepesi na turbo inafanya kazi ya ziada. Miti ikaisha, pakabaki majani, mawe na vipande vya theluji ya mwaka uliopita. Mama alijifunika kanga ya pili.

Kileleni tukapumzika robo saa. Kisha kushuka.

Kabla ya kuja Marekani niliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na mwalimu wangu wa miteremko ni Kitonga. Walionitangulia barabara ile walikuwa na kanuni moja: mlima unashukwa kwa gia, breki ni akiba. Nimeendesha magari ya kila namna tangu wakati huo, na sijaona kanuni iliyo bora kuliko hiyo. Gia inachaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, kwa sababu ukishachukuliwa na mwendo gia boksi inaweza kukataa kushuka. Nikawasha breki ya injini. Allison ikajishusha yenyewe hadi ya 3, kisha ya 2 kwenye sehemu kali, na injini ikaanza kunguruma ikilishikilia gari. Pale mwendo ulipofika maili 35 nilikanyaga breki kwa uthabiti hadi 28, nikaachia kabisa, nikasubiri. Kuiegemeza miguu kwenye pedali kilomita nzima ndiko kunakochemsha ngoma za breki. Zikishachemka hutanuka na kukimbia mbali na pedi, nawe unakanyaga upepo ukiwapo lakini breki haipo.

Nyuma yangu magari yalijipanga. Kila palipokuwa na eneo la kupishia nilisogea, wakapita, wengine wakipunga mkono.

Korongo la Ten Sleep linafunguka ghafla, kuta za mawe ya chokaa zimesimama pande zote mbili, mto uko chini, na barabara inaning'inia ubavuni. Kando yake serikali imeweka mabango yanayotaja kila tabaka la mwamba na umri wake, mamilioni kwa mamilioni ya miaka, ukishuka unakutana na mengine. Mama aliniuliza, "Baba, breki zinanuka?" Nikamwambia hapana. Akanyamaza kidogo, akasema, "Baba yako alikuwa akifika chini ya Kitonga anashuka, anashika magurudumu." Tulipofika mji wa Ten Sleep, karibu mita 1,600 chini ya kilele, niliegesha nikashuka nikayashika. Yalikuwa ya uvuguvugu. Nilipogeuka nikamwona amesimama mlangoni, ameshikilia mhimili, ananitazama. Sikumbuki siku nyingine barabarani iliyonipa furaha ya namna ile.

Usiku Cody.

Alhamisi: Cody hadi Fishing Bridge, Yellowstone

Kama kilomita 85 hadi lango la mashariki. Unapita mahandaki kando ya bwawa la Buffalo Bill, lililokamilika 1910 na wakati huo likiwa refu kwenda juu kuliko yote duniani, kisha bonde la mto Shoshone, na ukishapita lango, Sylvan Pass, njia ya mlimani. Gari dogo tulikuwa tumeliunganisha tena. Mteremko wa hapa ni wa kawaida kwa breki ya injini.

Ndani ya Yellowstone, Fishing Bridge ndiyo kambi pekee yenye umeme, maji na bomba la majitaka kwenye kila nafasi. Mahema hayaruhusiwi, wala magari yenye kuta za turubai, kwa sababu ni eneo la dubu wa grizli. Weka nafasi miezi mingi kabla.

Nilitoa slaidi baada ya kusawazisha gari kwa jeki. Utaratibu huo haubadiliki, maana mwili uliopinda huifanya slaidi ikwame kwenye reli zake. Jokofu letu la gesi nalo linataka usawa, na kwenye mwinuko huu wa zaidi ya mita 2,300 moto wake wa gesi huwa dhaifu, kwa hiyo tumeliweka kwenye umeme. Jenereta ingetoa moshi mweusi hapa, hatukuihitaji.

Mama aliamua kupika maharage. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi za Selsiasi, na maharage yanajua. Iringa nako ni juu, ana uzoefu, lakini baada ya saa mbili alikubali jiko la presha. Ugali wa unga tuliobeba kutoka Minneapolis, maharage, na sukumawiki. Jirani mmoja, mzee wa Kimarekani mwenye motohomu ya miaka ya 1990, alikuja kuuliza juu ya breki yangu ya injini, akaishia mezani na sahani.

Ijumaa: Yellowstone

Hifadhi ya kwanza ya taifa duniani, sheria yake ilitiwa saini tarehe 1 Machi 1872. Kutwa tulizunguka na gari dogo. Old Faithful, chemchemi ya maji moto inayoruka juu, ilirusha maji yake mbele ya umati. Wastani ni mara moja kila dakika 90 hivi, na ubao kwenye jengo la wageni hutaja saa inayokadiriwa. Kuna viti vya mbao kuizunguka, jambo dogo ambalo kwa mtu wa magoti ni kubwa. Grand Prismatic, dimbwi la maji moto, tuliitazama kutoka kwenye njia ya mbao, mvuke ukipita usoni. Hayden Valley baisani walifunga barabara. Kanuni ni mita 23 kutoka kwao na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na tuliwaona watu wakivunja kanuni hiyo kwa ajili ya picha. Inaniumiza kuona hivyo. Baisani hukimbia kuliko binadamu yeyote.

Siku za kurudi

Tulitoka kwa Cody, tukapanda Billings, kisha I-94 yote: Glendive, Dickinson, Bismarck, Fargo. Barabara ndefu, tambarare, salama. Pale Painted Canyon mama alitaka kusimama mara mbili na tukasimama mara mbili.

Nyumbani

Siku nzima ya kuosha. Matanki yamemwagwa na kusuuzwa, wadudu wamesuguliwa kwenye kioo na kwenye mapezi ya rejeta, betri za nyumba zimeongezwa maji yaliyokenekwa. Nimechukua sampuli ya oili ya injini nipeleke maabara. Wakipima chembe za metali zilizomo, unajua kama beringi inalika kabla haijapiga kelele. Mwezi Oktoba, kabla ya baridi, tutayatoa maji yote na kupitisha kwenye mabomba kile kimiminika cha waridi kisichoganda, kila bomba mpaka rangi ionekane, na bafu la nje lisisahaulike.

Tairi ndizo gharama inayokuja. Kashata, yaani meno ya tairi, bado ni ndefu, mtu asiyejua atasema ni mpya. Lakini ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho za msimbo, wiki na mwaka wa kutengenezwa, na zetu zinakaribia miaka 7. Magari haya husimama sana, mpira wake huzeeka kwa jua kabla ya kulika kwa lami. Za mbele mbili nitabadilisha majira ya kuchipua, maana tairi ya mbele ikipasuka usukani huenda nayo. Za nyuma nne zitafuata kabla ya safari ya Texas. Kule wakazi wa jimbo wanadaiwa leseni ya daraja la juu gari likizidi pauni 26,000. Mimi ninayo ya malori, na mke wangu ameshaanza kukisoma kitabu cha mtihani.